Kukereza na kutia nakshi bakuli la mapambo: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Wanaoanza kukereza, yaani kuchonga mbao inayozunguka kwenye mashine, huuliza maswali yaleyale kila mara. Nianze na mti gani? Mbona patasi inanasa? Mbona bakuli limepasuka wiki mbili baada ya kulimaliza? Na lipo moja linalonisikitisha kuliko yote: mtu amekereza bakuli zuri, jembamba kama ganda la yai, halafu anauliza alichonge nakshi vipi. Hawezi tena. Mahali pa nakshi hupangwa chombo kingali kinazunguka, kwa kuacha mbao pale ambapo mkono unatamani kuiondoa. Ndiyo maana mwongozo huu hautenganishi kukereza na kuchonga. Kazi ni moja.

Tutatengeneza bakuli moja tu: kipenyo sentimita 15, kimo sentimita 7, lenye mkanda ulioinuka karibu na mdomo, na juu ya mkanda huo mifereji 24 iliyochongwa kwa mkono. Ni la kuweka mezani na kutazamwa, si la kulia chakula.

Andaa hivi kabla ya kugusa swichi

- Mashine ya kukerezea, yaani kerezo, inayoweza kubadilishwa mwendo. Iwe na bamba la chuma lenye matundu ya skrubu na kishikio cha taya nne.
- Bobari (patasi yenye makali yaliyopinda) ya bakuli, ile yenye shina nene na mfereji mrefu, imenolewa kwa mshazari wa digrii 45 hadi 60.
- Patasi nyembamba ya kukatia na kikwaruzo chenye ncha ya mviringo.
- Kwa nakshi: bobari ya mkono namba 7 yenye upana wa milimita 14, patasi ya V, nyundo ya mti, na kipande cha ngozi cha kumalizia makali.
- Kinoo, bikari, keekee, penseli, karatasi, utepe wa kunata.
- Msasa namba 120, 180, 240 na 320.
- Mafuta ya kitani na nta ya nyuki.
- Kinga ya uso mzima na barakoa ya vumbi.

Namba ya bobari ya nakshi huwachanganya wengi. Si ukubwa wake. Inaeleza jinsi makali yalivyopinda: namba 3 inakaribia kuwa bapa, namba 11 imezama kama herufi U. Upana huandikwa peke yake kwa milimita.

Kuhusu bobari ya kukereza, kuna onyo ambalo watu hulipata wakiwa wamechelewa. Ipo bobari kubwa pana inayotumika kuondoa pembe za miti mirefu kama miguu ya meza. Inavutia kwa ukubwa wake, lakini usiilete kwenye bakuli hata siku moja. Shina lake ni jembamba pale linapoingia kwenye mpini, na ikinasa kwenye vichwa vya nyuzi, yaani ncha zake zilizokatwa, huvunjika hapo hapo, usoni pako.

Mbao

Chagua mti wenye nyuzi fupi, tulivu, zinazoelekea upande mmoja. Mjakaranda ni laini na huchongeka vizuri. Mwembe nao ni mwema kwa mwanafunzi, ila vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mvule nyuzi zake zimesukana, zikienda huku na kurudi, kwa hiyo huchubuka ukiuchonga, uache kwanza. Mpingo ni mzuri mno, lakini ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na hula makali ya patasi kabla hujajua unachofanya. Uutunze kwa mwaka ujao.

Kipande kisiwe na moyo wa mti, ile nukta ya katikati ambako pete zote huanzia. Mbao hunywea zaidi kufuata mzunguko wa pete kuliko kuelekea moyoni, kwa hiyo kipande chenye moyo ndani yake hakina njia ya kukauka bila kupasuka.

Kiwe kikavu. Mbao iliyopasuliwa hukauka kwa makadirio ya mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukiwa na mbao mbichi tu, ikereze bakuli nene kwanza, unene wa ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo, ulifukie na machicha yake, yaani mabaki ya mbao yaliyokatwa na patasi, ndani ya mfuko wa karatasi, na ulipime uzito kila wiki. Siku uzito utakapoacha kushuka, limekauka. Lirudishe kwenye kerezo. Linakuwa limepinda kidogo, na unene ule wa ziada ndio unaokupa nafasi ya kulinyoosha.

Usalama, kwa ufupi

Hakuna glavu, hakuna mikono mirefu inayopepea, hakuna pete wala mkufu, nywele zifungwe nyuma. Glavu ikishikwa na kitu kinachozunguka haichaniki, inauvuta mkono. Vumbi la mbao nalo si uchafu tu: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka mwaka 1995 kwenye kundi la 1, kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa hata kwa msasa wa dakika mbili.

Hatua za kazi

1. Kata kipande. Unahitaji mbao yenye unene wa sentimita 8, na upana wa sentimita 16 kila upande. Vuta mistari miwili ya pembe kwa pembe upate katikati, chora duara kwa bikari, kisha ondoa pembe kwa msumeno. Umbo la pembe nane linatosha.

2. Funga bamba. Litie upande utakaokuwa mdomo wa bakuli, maana matundu ya skrubu yataondoka utakapochimba ndani. Tumia skrubu nene za mbao zisizopungua nne, ziingie milimita 20. Zile nyembamba za kufungia bodi za jasi hukatika shingo. Sogeza kichwa cha nyuma, sehemu ya kerezo yenye ncha inayoelekeana na bamba, kibane kipande, na ukiache hapo mpaka kazi ya nje iishe.

3. Sawazisha. Weka egemeo la patasi karibu sentimita moja na mbao, chini kidogo ya usawa wa katikati. Zungusha kipande kwa mkono mzunguko mzima. Kikigusa popote, afadhali ukijue sasa. Anza na mizunguko kama 500 kwa dakika, na usimame pembeni, si mbele ya kipande, unapowasha. Kikishatulia, ongeza. Kanuni ninayoitumia ni hii: kipenyo kwa inchi, ukizidisha na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli letu ni inchi 6, kwa hiyo kati ya 1,000 na 1,500. Mashine ikianza kutembea sakafuni, umezidisha.

4. Toa umbo la nje. Hapa ndipo patasi hunasa, kwa hiyo nenda polepole. Laza shina la bobari kwenye egemeo. Gusisha mshazari kwenye mbao kwanza, yaani ule uso ulionolewa nyuma ya makali, bila kukata chochote. Utausikia ukisugua. Sasa inua mpini kidogo kidogo mpaka makali yaume na uzi wa machicha uanze kutoka. Mshazari ndio unaoongoza. Makali yakifika kabla yake, hayana kitu cha kuyazuia yasizame. Kata kutoka kitako kwenda mdomoni, kutoka penye kipenyo kidogo kwenda penye kikubwa. Ukienda kinyume, unainua nyuzi ambazo nyuma yake hakuna kinachozishika.

   Sasa acha mkanda. Pima milimita 8 chini ya ukingo wa mdomo, kisha milimita 25 zaidi, uweke alama kwa penseli kipande kikizunguka. Kwa patasi ya kukatia, toboa mfereji mdogo kwenye kila alama, kina milimita 4. Punguza mbao iliyo juu na chini ya mkanda hadi usawa wa mifereji hiyo. Mkanda wenyewe usiuguse, isipokuwa kuulainisha kwa mpito mmoja mwepesi wa bobari iliyotoka kunolewa. Utaonekana mnene na mbaya, kama bakuli limevaa mshipi usio wake. Vumilia.

5. Tengeneza kishina. Kwenye kitako, acha kishina kifupi cha mviringo cha kushikwa na taya: kipenyo karibu sentimita 5, urefu milimita 5 hadi 6. Kipenyo kikaribiane na duara la taya zikiwa karibu kufunga. Hapo ndipo zinaposhika kwa uso wote badala ya kwa pembe zake. Bega linalokizunguka liwe bapa, maana ndilo linalobeba kazi. Kishina kisifike chini kabisa ya taya.

6. Piga msasa nje, ila mkanda usiuguse. Chembe za msasa hubaki zimejikita kwenye mbao, na baadaye hutafuna makali ya bobari ya nakshi. Nimeona watu wakilaumu chuma kumbe wamejilisha mchanga wenyewe.

7. Geuza. Fungua bamba, shika bakuli kwa taya nne, na usawazishe uso wa mdomo, milimita chache tu. Kisha simama. Usichimbe ndani bado. Kipande kilichojaa hakitikisiki chini ya nyundo. Bakuli jembamba hulialia na kupasuka.

8. Gawa mkanda. Chomoa mashine kwenye umeme. Zungushia mkanda ukanda wa karatasi, ukate pale mwanzo unapokutana na mwisho. Utakuwa na urefu wa sentimita 47 hivi. Ukunje uwe sehemu tatu sawa, halafu nusu, nusu tena, na nusu ya tatu. Ukiufungua una sehemu 24, kila moja karibu sentimita 2, na hukupiga hesabu yoyote. Urudishe kwenye mkanda, hamisha alama, na uvute mistari wima. Kila mstari ni katikati ya mfereji mmoja.

9. Chonga. Funga ekseli, ule mhimili unaozungusha kishikio, isizunguke. Noa bobari namba 7, kisha uivute kinyumenyume kwenye ngozi mara kumi hivi. Jaribio ni kukata kipande cha mbao laini kukingama nyuzi: njia ikitoka inang'aa, iko tayari; ikitoka nyeupe yenye manyoya, rudi kwenye kinoo.

   Anza ukingo wa chini wa mkanda, bobari ikiwa juu ya mstari, mkono mmoja ukisukuma na mwingine ukiwa karibu na ncha kama breki. Sukuma hadi katikati ya mkanda, utoke. Kisha njoo kutoka ukingo wa juu mkutane hapo. Usivuke mkanda kwa mpito mmoja: bobari ikitokea upande wa pili itang'oa ukingo, na kibanzi hicho hutakiona tena kwenye machicha. Kina cha mwisho ni milimita 3. Kifikie kwa mipito mitatu minne, ukizungusha kifundo cha mkono kidogo ili makali yateleze badala ya kusukuma tu.

   Baada ya mifereji mitatu au minne utaona jambo. Mahali pengine mfereji hutoka laini kuta zote mbili, na mahali pengine ukuta mmoja ni laini na wa pili umechubuka. Hujakosea. Mbao yetu nyuzi zake zinapita kukingama bakuli, kwa hiyo ukilizunguka unapita penye ubavu wa nyuzi, penye vichwa vyake, na katikati yake robo nne ambamo zinakuja mshazari. Katika robo hizo ukuta mmoja wa mfereji unakwenda na nyuzi na wa pili unakwenda kinyume. Ukuta unaochubuka ukate mwishoni, kwa mpito mwembamba kama karatasi, bobari ikilala kuuelekea, na ujaribu kutoka ukingo wa juu kama wa chini ulikataa.

   Mifereji ikiisha, pitisha patasi ya V mara moja pale mkanda unapokutana na mwili wa bakuli, juu na chini. Kivuli kinachopatikana hapo ndicho kinachofanya mkanda uonekane umefungwa, si umegandishwa.

10. Chimba ndani. Fungua ekseli kabla ya kuwasha. Nasema hivi kwa sababu kusahau ni rahisi sana. Toboa kwa keekee katikati hadi kina cha milimita 58, ukiwa umeweka utepe kwenye keekee kama alama. Usiruke hatua hii. Bakuli langu la kwanza niliamini nitakisia kina kwa jicho, na hadi leo natumia kitu kile kama faneli.

    Sasa kata kutoka ukingo kwenda katikati, kinyume cha ulivyofanya nje. Shuka kwa hatua za sentimita 2: maliza unene wa ukuta kwenye hatua ya juu kabla ya kwenda chini, na ukishashuka usirudi. Ukuta wa juu ukibaki bila nyama chini yake huanza kupepea, na bobari ikirudi huko hunasa. Penye mkanda acha milimita 9, ili chini ya mifereji zibaki 6. Kwingineko, milimita 5 hadi 7 zinatosha. Zima na upime kila baada ya muda.

    Onyo kubwa kuliko yote ya bakuli lenye nakshi: wakerezaji wana mazoea ya kuegemeza vidole nje ya ukuta ili kuutuliza. Hapa usithubutu. Mkanda unaozunguka huonekana laini kama ukungu, lakini ni kingo 48 zinazopita vidoleni kila mzunguko.

11. Msasa wa ndani. Punguza mwendo, anza 120, maliza 320, futa vumbi kila unapobadili namba. Mifereji mimi siipigi msasa. Alama za bobari kali ndizo zinazoshika mwanga. Ukilazimika, fanya kwa mkono, msasa umeuviringisha kwenye penseli, mashine ikiwa imezimwa.

12. Maliza kitako. Ondoa bakuli kwenye taya. Funga kipande cha mbao kwenye kishikio, kikereze kiingie mdomoni mwa bakuli, kifunike na kitu laini, kisha sukuma bakuli kwa ncha ya kichwa cha nyuma. Kata kishina hadi kibaki kisiki chenye kipenyo cha sentimita moja, zima, ukimalizie kwa patasi. Kitako kiwe na bonde kidogo katikati ili bakuli likae kwa ukingo wake bila kuyumba.

13. Paka mafuta. Kwa brashi, ili yaingie kwenye mifereji. Subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, acha siku moja au mbili, rudia mara mbili. Nta mwishoni, kidogo sana. Ikijaa kwenye mifereji huganda nyeupe. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyafinyange na kuyatupa pipani. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa huweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje moja moja au yaloweke majini.

Mambo yakienda kombo

*Patasi inanasa tena na tena.* Angalia makali kwanza, kisha umbali wa egemeo. Kadiri unavyoendelea kukata, mbao inakimbia na egemeo linabaki, zima, lisogeze. Likibaki mbali, patasi inakuwa kama upau wa kung'olea misumari, na nguvu zako hazitoshi.

*Pande mbili za bakuli ni laini, mbili zimechubuka.* Hivyo ni vichwa vya nyuzi vinavyotokea mara mbili kila mzunguko. Msasa hautaponya upesi. Noa, paka mafuta kidogo mahali hapo yalainishe nyuzi, na upite mara moja kwa kukata kwembamba.

*Bakuli linacheza kwenye taya.* Kishina kimesagika au bega halikuwa bapa. Usikaze zaidi. Lirudishe kati ya taya zilizofungwa na kichwa cha nyuma, ukereze kishina upya.

*Ukingo wa mfereji umebanduka.* Ukikipata kibanzi, kirudishe kwa gundi ya papo hapo na usubiri. Usipokipata, punguza mkanda wote kwa milimita moja wakati bado ndani hapajachimbwa, halafu ongeza kina cha mifereji. Hii ni sababu nyingine ya kuchonga kabla ya kuchimba.

*Mifereji 23 imeenea vizuri, wa 24 ni mwembamba.* Karatasi ililegea ulipozungusha. Kama hujachonga, gawa upya. Kama umeshachonga kadhaa, gawa kosa kwenye mitano au sita inayobaki, nusu milimita kila mmoja, na hakuna jicho litakaloona.

*Ufa umetokea baada ya siku chache.* Mbao ilikuwa na unyevu. Ufa mwembamba uujaze unga wa mbao ileile na gundi ya papo hapo, kisha upige msasa. Ukipita unene wote wa ukuta, usilirudishe kwenye kerezo kwa namna yoyote; linaweza kuachana vipande viwili likiwa kwenye mwendo. Lipasue, utazame unene wa ukuta kwa ndani ulivyokwenda, na utoboe tundu kwenye kinachobaki upate mahali pa kutundikia bobari.